Maswali yenu kuhusu Pete Postlethwaite, yule wa mifupa ya mashavu

Toleo lililopita tuliweka picha ya mwigizaji wa Uingereza Pete Postlethwaite, aliyezaliwa mjini Warrington tarehe 7 Februari 1946 na kufariki tarehe 2 Januari 2011, tukaomba maswali. Yamekuja mengi. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Shikamooni wahariri. Huyu mzungu nimemwona mara nyingi kibanda umiza na sasa kwenye simu. Mara ni padri, mara mwindaji, mara mfungwa. Lakini sijawahi kumwona akiwa stelingi. Alikosa bahati, au ni ile sura? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Hakukosa chochote. Alifanya kazi ambayo kwao Uingereza ina heshima yake kamili: uigizaji wa uhusika. Stelingi watu humfuata yeye mwenyewe. Leo awe askari, kesho awe daktari, wewe umelipa kiingilio ili umwone yuleyule. Mwigizaji wa uhusika anafuatwa kwa sababu hutaki kumwona yeye, unataka kumwona mtu aliyemleta. Ndiyo maana umemtaja kwa kazi za wahusika wake na si kwa jina. Hiyo ni sifa.

Tazama filamu zake za mwaka 1996 na 1997 tu. Katika "Romeo + Juliet" ni padri anayefungisha ndoa ya siri. Katika "Brassed Off" ni kiongozi wa bendi ya wachimba makaa ya mawe. Katika "The Lost World" anawinda dinosauri, na katika "Amistad" ni mwendesha mashtaka wa Marekani mahakamani dhidi ya Waafrika waliojikomboa kwenye meli ya watumwa. Watu wanne kwa miaka miwili, na hakuna hata mmoja anayemfanya mtazamaji amkumbuke mwingine.

Kuhusu sura: mashavu yale yaliyochomoza na macho yaliyozama yalimsaidia kuliko yalivyomzuia. Uso wa namna hiyo ukipigwa na taa kutoka pembeni unajaa vivuli, na kamera hupenda vivuli. Ila uso haufanyi kazi peke yake. Mwigizaji wa uhusika hupewa dakika chache, pengine kumi katika filamu ya saa mbili, na ndani ya dakika hizo lazima uamini kwamba mtu huyu alikuwapo kabla ya filamu kuanza. Wengi huharibu hapo. Wakiona nafasi ni ndogo wanaijaza fujo, wanapanua macho, wanapandisha sauti, ili waonekane. Postlethwaite alikuwa anasikiliza. Mtazame wakati mwenzake anazungumza: uso hautulii kama sanamu, wala hauchezi ovyo, unapokea maneno moja baada ya jingine.

Na kwa kweli alibeba kazi nzima pia. Danny wa "Brassed Off" ndiye moyo wa filamu ile, na jukwaani aliwahi kuwa Macbeth na King Lear.

Jina lake linatamkwaje? Hapa ofisini kila mtu ana lake. (Msomaji, Dodoma)

"Posal-thweit". Ile "t" ya katikati haisikiki, na "th" ni ileile ya thelathini. Ni jina la kaskazini magharibi ya Uingereza, na kipande cha mwisho, "thwaite", ni neno la zamani la watu wa Skandinavia waliohamia huko, maana yake shamba lililofyekwa msituni. Alishauriwa abadilishe jina kwa sababu ni refu na gumu, akakataa.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa za maonyesho, Bagamoyo, nina miaka 23, na nyumbani wananiambia nimechelewa. Yeye alianza lini, na alipita wapi?

Waonyeshe nyumbani miaka hii, mdogo wetu. Alitoka familia ya Kikatoliki ya wafanyakazi wa kawaida, na ujanani alifikiria upadri. Badala yake akasomea ualimu katika chuo cha St Mary's, Strawberry Hill, pembeni ya London, akafundisha. Alipoingia shule ya uigizaji ya Bristol Old Vic alikuwa kwenye miaka 24 hivi. Wewe una 23.

Baada ya Bristol haikuja filamu kubwa. Likaja jukwaa la Everyman, Liverpool, miaka ya 1970, pamoja na vijana wenzake ambao nao hawakujulikana: Julie Walters, Bill Nighy, Jonathan Pryce, Antony Sher. Kundi lile lilipeleka michezo hadi kwenye baa za mitaani. Ukicheza mbele ya mtu mwenye glasi mkononi, ambaye hakukuja kukuona wewe, unajifunza mambo mawili ambayo darasani ni magumu kuyapata: kuanza tukio bila kuomba ruhusa, na kujua ni sekunde gani hasa umempoteza mtazamaji. Kama kundi lenu linacheza ukumbini tu, tokeni. Stendi, soko la samaki, uwanja wa shule baada ya mechi. Chukueni mchezo wa dakika 20, si zaidi, na wahusika watatu au wanne.

Miaka ya 1980 akawa na Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la maigizo la Uingereza. Kwenye sinema alionekana kidogo sana katika "The Duellists" ya mwaka 1977, na filamu iliyowafanya watu wageuke ni "Distant Voices, Still Lives" ya mwaka 1988, akiwa na miaka 42. Alipokaa ukumbini kama mteuliwa wa Oscar, Machi 1994, alikuwa na 48. Toka shule ya Bristol hadi pale ni zaidi ya miaka 20 ya kazi ya kila siku, na sehemu kubwa yake ni ya jukwaani, ambayo haikurekodiwa na leo huwezi kuiona.

Nafundisha historia Kisumu. Wanafunzi wangu walitazama "In the Name of the Father" na sasa wanaamini kila kilichomo. Baba na mwana walifungwa chumba kimoja kweli?

Hapana, mwalimu, na ni vizuri umeuliza. Filamu hiyo ya mwaka 1993, iliyoongozwa na Jim Sheridan, inahusu watu halisi. Mabomu yalilipuka Guildford, mji wa Uingereza, tarehe 5 Oktoba 1974. Gerry Conlon, kijana wa Belfast, alikamatwa pamoja na wenzake watatu, wakafungwa kwa kosa ambalo hawakulifanya. Baba yake, Giuseppe, ambaye kwenye filamu ni Postlethwaite, alivuka bahari kuja London kumtafutia mwanawe wakili, naye akakamatwa. Hayo ni kweli.

Kilichobadilishwa ni hiki. Kwenye filamu wanashtakiwa pamoja katika kesi moja. Ukweli ni kwamba kesi zilikuwa mbili: ya Gerry na wenzake ilimalizika mwaka 1975, na ya Giuseppe, pamoja na familia ya Maguire, mwaka 1976. Giuseppe alipewa miaka 12. Pia hawakuishi ndani ya chumba kimoja cha gereza kwa miaka yote ile kama inavyoonyeshwa. Giuseppe, ambaye mapafu yake yalikuwa mabovu hata kabla ya kukamatwa, alifariki Januari 1980 akiwa bado ni mfungwa. Gerry na wenzake waliachiwa mwaka 1989, na hukumu ya kundi la Giuseppe ilifutwa mwaka 1991. Mwaka 2005 Waziri Mkuu Tony Blair aliomba radhi hadharani.

Kwa nini Sheridan aliwaweka pamoja? Kwa sababu alitaka filamu ya baba na mwana, na watu wawili wanaotengana kwa kuta hawawezi kugombana wala kusameheana. Wape wanafunzi karatasi yenye safu mbili, kilichotokea na kilichotungwa, wajaze wenyewe wakiwa na tarehe hizi mkononi. Hasira ya filamu ni ya haki, lakini tarehe zake msizitumie kwenye mtihani.

Kwenye filamu ya dinosauri anaitwa Roland Tembo. Tembo hilo ni letu? (Msomaji, Mombasa)

Ni lenu, ingawa kwenu Mombasa tembo ni la mnazi na mnyama mwenyewe ni ndovu. Mwindaji huyu alipewa jina la Kiswahili, na linamfunga na pori la Afrika Mashariki. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: tukio la kumtambulisha lilipangwa litokee Mombasa, ndani ya baa, akipambana na mtalii anayemsumbua mhudumu wa kike. Lilipigwa picha likakatwa kwenye toleo la sinema. Linapatikana kwenye diski, sehemu ya matukio yaliyoondolewa. Litafute, kwa sababu bila hilo unamwona Tembo mwanzoni kama muuaji wa wanyama tu. Ukilitazama unaelewa kwa nini mwishoni, baada ya kumnasa windo lake na kumpoteza rafiki yake Ajay, anakataa kazi anayopewa na kuondoka. Ni mtu mwenye sheria zake tangu tukio la kwanza.

Kama unatafuta uhusiano wa karibu zaidi na Kenya, nenda kwenye "The Constant Gardener" ya mwaka 2005, iliyoongozwa na Fernando Meirelles, ambayo ilipigwa picha Kibera na hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Postlethwaite ni Lorbeer, daktari aliyejificha Sudan Kusini akigawa dawa na chakula huku dhamiri ikimla kwa majaribio ya dawa aliyoshiriki. Anaingia filamu ikikaribia kuisha, na ndiye mwenye maelezo ambayo mhusika mkuu ameyahangaikia muda wote. Hapo ndipo hatari ya nafasi kama hiyo: mwigizaji anageuka kuwa redio ya kusoma taarifa. Lorbeer wake hasomi. Anajitetea, na maelezo yanamtoka ndani ya kujitetea. Bill Nighy, mwenzake wa Liverpool wa miaka ya 1970, naye yumo katika filamu hiyohiyo.

Maadui wake wananitisha kuliko wa filamu za mapigano, na wala hapigi kelele. Siri ni nini? (Kijana anayeandaa filamu fupi, Mwanza)

Siri ipo kwenye mpangilio. Chukua "Distant Voices, Still Lives", ambamo yeye ni baba mkali wa familia ya Liverpool. Mkesha wa Krismasi watoto wamelala. Anaingia taratibu, anawatazama, anawaachia zawadi kitandani kwa upole ambao hata hujui uliwekwa wapi. Kisha mchana wa sikukuu, familia imekaa mezani, kimya, chakula kimepangwa. Anakaa. Ghafla anakivuta kitambaa cha meza na kila kitu kinakwenda chini, halafu anaamuru pasafishwe. Hakuna aliyemchokoza. Kama tungeonyeshwa vyombo kwanza na upole baadaye, tungesema ni mkorofi aliyejuta. Kwa kuwa upole umetangulia, hatujui tena ni lini utavunjika, na watoto wake hawajui pia. Hofu inatokana na kutojua huko.

La pili ni mikono. Katika "The Town", filamu ya mwaka 2010, ni muuza maua wa Boston ambaye kwa kweli ni mkuu wa wahalifu. Anatoa vitisho huku akiyatengeneza mawaridi yake, shina moja baada ya jingine, na kazi haisimami. Mikono inafanya jambo la halali, mdomo unafanya jambo jingine. Mpe adui wako kazi halisi ya mikono: kumenya machungwa, kufunga mzigo, kunoa kisu cha jikoni. Afanye mazoezi ya kazi hiyo wiki nzima hadi aweze bila kutazama, maana akikosea kumenya, kitisho kinakuwa kichekesho.

La tatu, uzushe kilema chenye sababu au usiweke kabisa. Sajini Hakeswill wa mfululizo wa televisheni wa "Sharpe" shingo humruka. Si urembo: alinyongwa utotoni akapona. Huzungumza na kofia yake kana kwamba mama yake yumo ndani. Mambo mawili tu, yanarudiwa pale pale yanapostahili. Kosa tunaloliona kwenye filamu nyingi za hapa nyumbani ni adui mwenye makengeza, kovu, kicheko na kigugumizi vyote kwa pamoja, na anafoka tangu dakika ya kwanza. Ukianzia ngazi ya juu huna pa kupanda.

Kundi letu la kanisani linaandaa mchezo wenye mzee mgonjwa wa kifua. Kila tunayempa anachekesha watu. Tusaidieni. (Kiongozi wa kwaya, Iringa)

Bila shaka mmempa poda nyeupe kichwani, mkongojo, mgongo uliopinda na kikohozi kila sentensi. Viondoeni vyote leo, kisha mrudishe kimoja kimoja mkikihitaji.

Postlethwaite alicheza wagonjwa wa kifua wawili wasiofanana, Giuseppe Conlon na Danny. Giuseppe alimcheza akiwa na miaka 47, mhusika mwenyewe akiwa na 51 hadi 56. Danny ana ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la makaa. Kwa wote wawili ugonjwa upo kwenye pumzi kabla haujafika kwenye mgongo.

Fanyeni hivi. Mwigizaji achukue maneno yake na penseli. Ajipe maneno manne au matano kwa pumzi moja, kisha aweke mstari pale pumzi inapokwisha. Mstari usiangukie kwenye mkato wala nukta, kwa sababu mtu mzima wa afya ndiye anayepumua kwenye nukta. Mgonjwa hukatikiwa katikati ya wazo: "Mwambie mama yako nita… kuja Jumapili." Asome hivyo mara kumi hadi asihitaji karatasi. Halafu apande ngazi za ukumbi mbio mara mbili na kusoma tena, ili mwili wake uone tofauti kati ya kuigiza kukosa hewa na kukosa hewa kweli. Akishaijua hali hiyo, aiigize akiwa ametulia, maana akicheza akihema kweli maneno hayatasikika viti vya nyuma.

Kikohozi: mgonjwa halisi anakificha. Anakimeza, anageuka pembeni, anajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mruhusu akohoe mara mbili tu mchezo mzima, na ile ya pili iwe pale asipoweza kujizuia mbele ya mtu ambaye hakutaka ajue. Hapo hakuna atakayecheka. Na mgongo vilevile: mzee hujaribu kusimama wima. Chezeni lile jaribio.

Kwa kuwa nyinyi ni wanakwaya, mtazameni Danny anapoongoza bendi. Waigizaji wengi wakipewa nafasi ya kiongozi hupunga mkono wakifuata muziki, na kila mwanakwaya ataona uongo huo mara moja, kwa sababu mkono wa kiongozi hutangulia sauti. Muziki wenyewe kwenye filamu ulipigwa na Grimethorpe Colliery Band, bendi halisi ya mgodi, iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1992 siku chache baada ya kutangazwa kwamba mgodi wao utafungwa. Kuna usiku Danny amelazwa, na wenzake wanakuja kumpigia chini ya dirisha la hospitali, taa za kofia za mgodini zikiwaka gizani. Anachofanya kitandani ni kusikiliza tu.

Ni kweli Spielberg alimwita mwigizaji bora duniani, na je, alipata Oscar? (Msomaji, Nairobi)

Mwongozaji Steven Spielberg alisema hivyo baada ya filamu zao mbili za 1997, "The Lost World" na "Amistad", na Postlethwaite mwenyewe alikuwa akilipunguza kwa utani, kwamba huenda Spielberg alimaanisha Pete anajiona hivyo. Oscar hakupata. Aliteuliwa mara moja, kwa Giuseppe, na tuzo ya mwigizaji msaidizi ikaenda kwa Tommy Lee Jones. Nishani ya heshima ya Uingereza, OBE, alipewa mwaka 2004, na mwaka 2009, kwenye uzinduzi wa filamu ya tabianchi "The Age of Stupid", aliionya serikali kwamba angeirudisha endapo kituo cha umeme wa makaa cha Kingsnorth kingeruhusiwa. Alikuwa hatanii. Mpango wa kituo hicho baadaye ulisitishwa.

Nina wikiendi mbili tu na bando la kutosha filamu nne. Nianzie wapi? (Msomaji, Kigoma)

Dada, anza na "In the Name of the Father", ukijua yale tuliyomwambia mwalimu wa Kisumu. Ya pili iwe "Brassed Off". Wikiendi inayofuata tazama "Distant Voices, Still Lives" mchana, kwa sababu ni nzito na haifuati hadithi kwa mpangilio wa kawaida, kisha "The Town" usiku. "Inception", ambamo ni tajiri anayekufa kitandani, iache kwa siku nyingine: yupo kwa muda mfupi mno.

Washa maandishi ya chini mara ya kwanza. Giuseppe anazungumza kwa lafudhi ya Belfast na Danny kwa ya Yorkshire, na hata wenye Kiingereza kizuri watapotea. Ukimaliza "Brassed Off", rudi kwenye hotuba ya mwisho, Danny akiwa ukumbi wa Royal Albert Hall, London, uyazime maandishi. Usihangaike na maneno. Hesabu pumzi: utasikia zinavyozidi kuwa fupi kadiri anavyokuwa na mengi ya kusema.